Beba moja

Jioni moja hapa Nyasubi, Kahama, mama mmoja alimtuma bintiye dukani: sukari nusu, vitunguu viwili, kiberiti, chenji usipoteze, na ukipita kwa bibi mwambie atuletee ndoo yetu. Mtoto wa miaka 7 hivi. Alirudi na sukari, vitunguu na chenji kamili. Kiberiti hakuna, na bibi hakuambiwa kitu. Alipokelewa mlangoni: "Kichwa maji wewe! Ukichapwa utakumbuka."

Mama huyo simlaumu, jiko lilikuwa linamsubiri. Ugomvi wangu ni na hilo neno la pili, ambalo nimelisikia majumbani, madrasa na kwa walimu wenye vyeti vyao. Tumeshaamua kwamba kusahau ni ukaidi, na ukaidi dawa yake inajulikana.

Nenda sokoni utazame meza ya muuza nyanya. Yanakaa mafungu manne, ukibana sana matano. Ongeza la sita uone litakaloporomoka. Akili inayoshika maagizo huku miguu inatembea ni meza ya namna hiyo, wala si ghala. Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974 kwa jina la kumbukumbu ya kazi, na mwaka 2001 Nelson Cowan akakadiria kuwa ya mtu mzima hubeba mafungu manne hivi. Ya mtoto ni ndogo zaidi. Umakini ni ule mkono unaochagua kipi kipande mezani. Na muuzaji mwenyewe, anayefukuza mbuzi, anayeikatisha soga ya jirani mteja akifika, anayeshusha bei jua linapozama, huyo ndiye msimamizi, kazi ambayo sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza polepole hadi mtu avuke miaka 20. Binti yule alibebeshwa mafungu matano, akaangusha mawili. Mimi ningempongeza.

Sasa ingia darasani. 47 jumlisha 38. Saba na nane kumi na tano, andika tano, beba moja. Ile moja haina pa kukaa ila kwenye meza yetu ileile. Mwalimu anapita katikati ya madawati, fimbo inagonga mbao nyuma huko, ko, ko. Mtoto hageuki, anamsikiliza kwa mgongo. Hofu nayo ni fungu, tena kubwa, na haibishi hodi. Nne na tatu, saba. Jibu: 75. Lete mkono!

Mwaka 2016 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini kwetu. Adhabu kali ilikwenda pamoja na huzuni na hofu, na huzuni na hofu zikaandamana na kumbukumbu ya kazi iliyo finyu na alama za chini. Watoto walipimwa mara moja tu, kwa hiyo kipi kilitangulia hatuwezi kuapa. Sawa. Lakini anayedai fimbo inanoa kichwa, yeye ushahidi wake uko wapi?

"Mbona sisi tulichapwa na tukasoma?" Hilo huulizwa na waliobaki darasani. Waliokimbilia kwenye maduara ya dhahabu hawaalikwi kwenye vikao vya wazazi.

Tena wapo ambao fimbo haigusi hata kilichowapata. Watoto waliougua malaria ya ubongo wakatibiwa Mulago, Kampala, walipopimwa tena baada ya miaka miwili, karibu robo yao walikuwa na upungufu, zaidi katika umakini. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2008. Huku kwetu, Kahama hadi Geita, mtoto anaweza kukaa karibu na baba anayechoma zebaki kupata dhahabu yake, na mvuke ule hudhuru ubongo unaokua. Huyo naye tumwite mzembe?

Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu vinne tu, kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyekasimiwa naye kwa maandishi. Tunabishana kama vinne vinatosha, huku mwanafunzi wa darasa la tatu akikatazwa kuandika kale ka-1 kadogo juu ya 4, eti hayo ni mambo ya darasa la kwanza. Niliyemwona mimi alikachora kwa kidole, kwenye paja, chini ya dawati.