Gawanya Kwanza, Kisha Hesabu Mafungu

Hebu mwulize mwanao thuluthi mbili za 24 ni ngapi. Usishangae akikujibu 12. Ameiona ile 2, akagawanya 24 kwa 2, akafunga daftari. Wala si mzembe. Amezoea kuona chapati iliyochorwa ubaoni, vipande viwili kati ya vitatu vikiwa vimepakwa rangi, naye akadhani hesabu za sehemu ni mambo ya michoro. Huenda hajaambiwa kwamba kutafuta sehemu ni kugawanya tu, kazi anayoijua tangu alipoanza kugawana peremende na nduguze.

Mwaga maharagwe 24 mezani. Mwambie nambari ya chini ndiyo inayosema mafungu ni mangapi. Hapa ni 3, basi atenge mafungu matatu yaliyo sawa. Kila fungu litakuwa na maharagwe 8. Hiyo ndiyo thuluthi moja. Nambari ya juu inasema tuchukue mafungu mangapi: mawili, yaani 16. Mwache ayasogeze kwa mkono wake mwenyewe. Ukimsogezea, utakuwa umejifunza wewe. Arudie kwa robo tatu, apate 18, na kwa sudusi tano, apate 20. Akishazoea, ondoa maharagwe aandike: 24 ÷ 6 = 4, kisha 4 × 5 = 20.

Wengine hudhani thumni ni kubwa kuliko robo, kwa kuwa 8 inaishinda 4. Hapa maelezo matupu hayafui dafu. Ayagawie maharagwe yaleyale watu wanne, kisha wanane. Wanne watapata 6 kila mmoja, wanane watapata 3. (Wazee wa Mombasa nao wasije wakamchanganya: sarafu ya senti 50 waliiita thumni, ilhali ni nusu shilingi!)

Mwanzoni epuka hesabu zenye baki. Robo ya 30 na ingoje. Afadhali umwonyeshe kwamba robo kilo ya sukari ni gramu 1,000 kugawanya kwa 4, yaani 250. Anayejua hivyo hapunjwi dukani.

Jioni ya leo mpe hili: ametumwa na shilingi 240, akatumia thumni tatu za pesa hizo. Atarudi na chenji ngapi? Asiguse kalamu kabla hajakwambia zile 240 atazigawanya mafungu mangapi.