Mnatuonyesha picha siku ya jiwe la msingi, tuonyesheni maketi hadi siku ya funguo

Ndugu mnaokaa kwa jamaa hapa Likasi mkingoja njia ya kurudi Mitwaba, Pweto ao mbali zaidi, leo nataka tuzungumze juu ya ubao. Ule ubao mkubwa unaosimikwa siku wakubwa wanapokuja kuweka jiwe la msingi. Juu yake kuna picha ya shule: paa jekundu, miti ya kivuli, watoto wenye sare safi. Picha ile imetoka kwenye kompyuta. Mtu aliketi akachora ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango. Sherehe inaisha, magari yanaondoka, na ile kazi ya kompyuta haionekani tena. Kuanzia hapo shantie inaendeshwa kwa karatasi, kwa simu na kwa maneno ya mdomo.

Nasema wazi: hapo ndipo feza ya raia inapopotelea. Siku ya kusaini mkataba macho ni mengi, hata sisi wa redio tuko pale na maikrofoni. Hatari inakuja miezi mitatu baadaye, kitu kinapobadilishwa na hakuna aliyealikwa.

Na kitu hubadilika siku zote. Fundi anachimba msingi, anakuta udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua. Simenti inapanda bei. Enjenyeri anagundua kwamba dirisha liko mahali pa nguzo. Mabadiliko yenyewe si uovu. Sheria inayajua na ina karatasi yake, inayoitwa avena, yaani mapatano ya nyongeza yanayogeuza mkataba wa kwanza. Shida ni kwamba avena nyingi ni ukurasa mmoja wenye mstari kama huu: "kazi za ziada za msingi", halafu bei. Kampuni ina nakala yake, wakaguzi wana yao, ofisi ya jimbo ina yao, na michoro ya hizo nakala tatu haifanani. Ugomvi ukianza, kila mmoja anatoa karatasi yake mfukoni.

Sasa, maketi ya kompyuta ni nini? Wataalamu huiita BIM. Usifikiri ni picha nzuri tu. Ni jengo lote lililojengwa kwanza ndani ya kompyuta, ambamo kila kitu kina habari zake: ukuta huu una urefu gani, umejengwa kwa tofali gani, bei yake ni ngapi, nani aliukubali na siku gani. Ukigeuza kitu kimoja, hesabu za vitu vilivyoguswa zinageuka pamoja nacho. Ukiweka maketi ya Januari kando ya maketi ya Juni, programu inakuonyesha kwa rangi kilichoongezwa, kilichotolewa na kilichosogezwa. Hata mtu asiyesoma mchoro wa enjenyeri anaona kwamba choo cha wasichana kilikuwepo na sasa hakipo.

Tuchukue mfano wa msingi wa shule, hesabu ya kawaida tu. Msingi una urefu wa mita 60 na upana wa nusu mita. Mkataba ulisema kina cha sentimita 80, lakini udongo ni mbaya, wanakubaliana kushuka hadi mita 1 na sentimita 20. Nyongeza ni sentimita 40. Zidisha: 60 mara 0.5 mara 0.4, unapata meta kibu 12 za betoni. Kwa betoni ya kilo 350 za simenti kwa meta kibu, hiyo ni mifuko 7 ya kilo 50 kila moja, jumla mifuko 84. Maketi inatoa hesabu hiyo mara moja, na kila mtu mezani anaiona. Karatasi ya "kazi za ziada" inaweza kuandika mifuko 84, inaweza kuandika 200, na msingi ukisha kufunikwa na udongo nani atakwenda kuufukua? Ndiyo maana nataka picha ya mtaro, yenye tarehe, ibandikwe ndani ya maketi kabla ya kumwaga betoni. Bila picha, hakuna malipo.

Lakini kuna upande mwingine ambao hatuuzungumzii sana, nao unawagusa ninyi mliokimbia makwenu. Karatasi zetu zinafanya mabadiliko mabaya kuwa mepesi na mabadiliko mazuri kuwa magumu. Kumbukeni Septemba 2019, masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure katika nchi yote. Watoto walijaa madarasani. Shule iliyochorwa kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuwa ndogo kabla ya kupakwa rangi. Ndivyo inavyokuwa pia familia zinapofika na mabunda kichwani kwenye kartie ambayo hakuna aliyewahesabu. Mkuu wa shule anaomba vyumba viwili zaidi, anaambiwa mradi umefungwa, kubadilisha ni kazi ya mwaka mzima. Wakati huohuo kibaraza kinaondolewa kimyakimya na hakuna anayeambiwa kitu. Kwa maketi, ombi la vyumba viwili linajaribiwa kwa siku chache: vitasimama wapi, paa litaungana vipi, itagharimu ngapi, kitu gani kingine kinaweza kupunguzwa ili bei isipande. Jibu linaweza kuwa hapana. Lakini litakuwa hapana yenye hesabu.

Tazameni mradi wa maendeleo ya teritware 145. Serikali iligawa kazi kwa mashirika matatu, PNUD, BCeCo na CFEF, ili kila teritware ipate shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Jimbo letu la Haut-Katanga lina teritware sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Mji wa Likasi si teritware, lakini umezungukwa na Kambove, na wengi wenu makwenu ni Mitwaba na Pweto. Katika nchi nzima shantie nyingi za mradi huo zilipita muda uliosemwa. Mama aliyeko hapa Kikula anayetaka kuamua kama arudi na watoto anahitaji kujua jambo moja: je, kituo cha afya cha kijijini kwake kina chumba cha kuzalia, ao kiliondolewa njiani? Leo anauliza dereva wa lori. Hiyo ni aibu.

Na tusifikiri ni mambo ya shule ndogo tu. Mkataba wa Sicomines, wa migodi ya Kolwezi kwa barabara na majengo, ulisainiwa 2008 na dola miliari 6 za miundombinu. Mwaka 2009 zikashuka hadi miliari 3. Februari 2023 Inspection Générale des Finances ikatangaza kwamba kazi zilizofanyika ni za milioni 822 tu. Machi 2024 ikaja avena mpya, sasa ni miliari 7. Sita, tatu, saba: mtu wa kawaida aliye kando ya barabara hizo atafuata vipi nini kiliongezwa na nini kilitolewa?

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa: Likasi umeme unakatika, intaneti ni ya kubahatisha, unatuletea mambo ya Ulaya. Kweli Uingereza inadai maketi hizi kwenye miradi ya serikali kuu tangu Aprili 2016. Lakini sikwenda mbali hivyo. Makampuni ya madini yanayotuzunguka yana maketi za kompyuta za mashimo yao, yanajua mawe yenye shaba yako mita ngapi chini. Tukubali kwamba mawe yanastahili kompyuta na shule ya watoto inastahili kalamu ya risasi? Maketi ya shule ya vyumba sita ni ndogo, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, haihitaji umeme wa siku nzima. Programu ya FreeCAD inapatikana bure. Kuna faili ya aina ya IFC ambayo programu za makampuni mbalimbali zinaweza kuifungua, kwa hiyo tusidanganywe kwamba lazima kununua ya fulani. Na vijana wa Polytechnique ya Lubumbashi wanamaliza masomo kila mwaka na kukaa nyumbani.

Wengine watasema kompyuta haizuii mwizi. Sawa. Maketi inaweza kusema uongo ikiwa anayeijaza ni mwongo. Ndiyo sababu haiwezi kubaki mikononi mwa kampuni peke yake. Komuni iwe na nakala, wakaguzi wawe nayo, na kila badiliko liwe na jina la mtu, tarehe, sababu na bei. Mwizi hapendi kuandika jina lake.

Feza pia ipo. Sheria ya migodi ya 2018 inapeleka asilimia 15 ya redevansi ya migodi kwa mamlaka za chini zilizo na mgodi ndani yake: komuni, sekta, shefferi. Tena makampuni yanapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya wakaaji. Sehemu ya feza hizo inakuwa matofali. Basi wakuu wa komuni zetu nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, waandike katika kila mkataba wa ujenzi kwamba avena isiyoingizwa kwenye maketi hailipwi. Hawahitaji kungoja Kinshasa kwa hilo. Na kila mwisho wa mwezi wachapishe picha mbili, ya maketi ya kwanza na ya sasa, wazibandike kwenye ule ule ubao wenye watoto wa sare safi. Sisi wa redio tutazisoma hewani, chumba kwa chumba, kwa wasiofika pale.

Siku ya kukabidhi funguo, faili itolewe pamoja nazo kwa kamati ya wazazi. Mvua za Novemba zitakuja, upepo utang'oa bati, bomba litapasuka chini ya sakafu, na fundi atauliza limepita wapi. Kampuni itakuwa imekwisha kuondoka.