MAONI YA MWENEZI: KENTA LETU LIANZE NA BREKI, RANGI BAADAYE

Ndugu wanachama wa Tawi, Horohoro.


Tangu wiki iliyopita simu zetu hazipumui kwa mjadala wa Kenta la tawi. Wapo wanaosema mkweche ule uuzwe chuma chakavu. Wapo wanaotaka upigwe rangi za chama na kufungwa spika kabla wageni wa wilaya hawajafika. Haya ninayosema ni maoni yangu, si uamuzi wa kikao: siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili.

Tukiuza, tutapimiwa kwa kilo na kulipwa pesa ya kugawana soda. Halafu tofali, nazi na machungwa ya Maramba tutabebea nini? Wenzetu wa Lunga Lunga hapo ng'ambo hawaruhusiwi kuingiza nchini mwao gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, lakini Kenta la kutoka Japani, ukijumlisha na kodi za bandarini, halinunuliki kwa mfuko wa tawi hili.

Na injini haijafa. Fundi ameikagua: inawaka asubuhi bila kusukumwa, oili haijachanganyika na maji. Ule moshi mweusi likipanda mlima ni dalili ya nozeli kuchoka au filta ya hewa kuziba. Filta inabadilishwa, nozeli zinapelekwa Tanga kupimwa. Anayedai lazima tununue injini ya mtumba atueleze ameona nini ambacho fundi hakukiona.

Tatizo ni breki. Pedali inazama, unaipampu mara mbili ndipo gari lishike. Mipira ya masta imeisha, silinda za magurudumu ya nyuma zinavuja mpaka lainingi zimelowa. Lainingi iliyolowa mafuta haishiki hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu hii ya pwani yanatakiwa kumwagwa na kuwekwa mapya, si kuongezewa juu kwa juu kila yakipungua.

Kuna jambo jingine la madereva wetu, nalisema wazi. Kuteremka kutoka Maramba huku injini imezimwa, eti kuokoa dizeli, kukome. Busta ya breki za Kenta inategemea pampu ya upepo iliyo nyuma ya alteneta. Injini ikizimika, pampu imezimika. Utakanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa jiwe. Dizeli ya mteremko mmoja ni lita ngapi hasa?

Mfuko wa gari una Sh 1,800,000. Napendekeza ziende kwanza kwenye breki zote nne na handibreki, kisha tai rodi na kingpini, kisha tairi mbili za mbele (zile ni kipara kabisa, hata mtoto anaona). Chesi ikwanguliwe kutu na palipoliwa pachomelewe kabla ya masika. Spea za mtumba tukubali kwa bodi, taa, hata gia boksi. Mipira ya breki na lainingi tununue mpya, na risiti ziletwe kikaoni. Zikibaki shilingi, nozeli. Rangi isubiri gari lianze kuingiza pesa kwa kubeba mizigo. Wageni watatukuta na Kenta lenye kutu, na sioni aibu yoyote hapo.

Najua linalofuata litawaudhi wengi. Watu wasipande nyuma tena, si mkutanoni, si mazishini. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikulitambua gari la mizigo kama basi, nasi tumezoea kujaza kina mama na watoto juu ya bodi lisilo na cha kushikilia, kwenye lami ambayo malori ya mpakani yanapita kwa kasi usiku na mchana. Msibani tuchangishane nauli ya Noah. Itatuuma mfukoni, nalijua hilo.

Kikao ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri, ofisi ya tawi. Fundi atakuwepo na zile silinda amezifungua, mzione wenyewe. Wenye hoja ya rangi kwanza waje nayo hapo, si huku kwenye simu.

Katibu Mwenezi wa Tawi
Horohoro, Mkinga