Kampuni inakua, au vyeo ndivyo vinakua?

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Msimu mmoja wa mavuno nilikuwa Oldeani, kwenye shamba la kahawa la kampuni moja ambayo sitaitaja. Saa nne asubuhi mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ukakatika. Jambo dogo tu. Fundi alikuwepo, pikipiki ilikuwepo, na mkanda ulikuwepo dukani Karatu mjini. Kilichokosekana ni saini! Msimamizi wa shamba haruhusiwi kununua hata msumari. Ombi lianze kwa meneja wa uzalishaji, liende kwa meneja wa manunuzi, limalizikie kwa mhasibu mkuu. Wote wako Arusha, kama kilomita 140 kutoka Karatu. Mmoja wao alikuwa kwenye semina.

Mkanda ulifika siku ya tatu.

Aliyekulia kwenye kahawa anajua: ikichumwa mbivu inamenywa siku hiyohiyo. Ikilala inachacha, ladha inaharibika, bei inashuka. Kahawa ya asubuhi ile ikaharibika yote. Vibarua wanaolipwa kwa debe wakakaa siku mbili bila hata senti. Na barua ya onyo akapewa nani? Msimamizi! Yuleyule aliyenyimwa ruhusa ya kununua mkanda.

Wazee wa pale waliniambia kwamba zamani, kampuni ikiwa na shamba moja tu, msimamizi alikuwa anamaliza mambo kama haya kabla ya chai. Likaja shamba la pili, ikaja kambi ya watalii wa Ngorongoro, na kila kilipoongezwa kitu akaongezwa na bosi wa kukiangalia. Hakuna aliyeuliza: sasa tumekuwa wengi, nani aamue nini? Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jamani, somo hili Tanzania tulishalilipia ada. KNCU ilipoundwa Kilimanjaro mwaka 1933, vyama vya msingi vilikusanya kahawa vijijini, chama kikuu kikashughulikia kuiuza. Kila mmoja na kazi yake. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, kazi yao ikapelekwa kwenye mamlaka za mazao. Maamuzi yakapanda juu, mkulima akabaki chini anasubiri. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe akakiri kwenye mahojiano kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Rais wa nchi alikiri! Wewe mkurugenzi wa mashamba mawili na kambi moja unaona aibu gani?

Na kurudisha jina peke yake hakutoshi. Miaka ya baadaye baadhi ya vyama vya msingi vilijitoa KNCU, vikaunda mtandao wao wa G32 ili viuze kahawa yao wenyewe. Ukiwabana watu wa chini, wenye uwezo wataondoka. Wasio na uwezo watabaki, lakini watakufanyia kazi kwa mkono mmoja.

Najua mtasema: ukiacha hela shambani zitaibwa. Sawa, wezi wapo. Lakini hebu piga hesabu, bei ya mkanda mmoja na hasara ya kahawa ya siku nzima, ipi kubwa? Mwekee msimamizi kiwango cha fedha anachoweza kutumia bila kuomba. Dai risiti, kagua mwisho wa mwezi, akiiba mfukuze. Makao makuu yabaki na mikopo, soko na mishahara. Na kila mwaka kabla ya mavuno, kaeni na watu wa shambani mpange upya nani anaamua nini, maana kampuni ya mwaka jana siyo ya mwaka huu.

Bila hivyo, kila shamba jipya mtakalonunua litakuwa sehemu nyingine tu ya kusubiria saini. Na kahawa haisubiri.

Nawasilisha.