Mpiga Makasia wa Mukumu

Wapo wasemao kwamba Mkenya hakuumbwa kwa mchezo mwingine ila mbio. Neno hili limekaririwa hata limekuwa kama sheria, na wewe msomaji huenda umelisikia shuleni kwako. Mimi nalipinga, na shahidi wangu wa kwanza ni mzaliwa wa Mukumu.

Mwaka 2008 Matthew Lidaywa Mwange alishindana kwa niaba ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, peke yake ndani ya mashua, makasia mawili mikononi. Waijua Mukumu: misheni, shule ya wasichana, barabara kuu iendayo Kakamega, na mafahali wapiganao kule Khayega. Bahari haipo, wala ziwa. Kisumu, penye maji mapana, haifiki kilomita 50. Lakini ni wangapi kati yetu walioteremka huko wakiwaza habari za makasia?

Mwange hakurudi na medali. Dhahabu aliitwaa Olaf Tufte wa Norway, ambaye aliitwaa pia Athens mwaka 2004. Hapo ndipo wenye dharau huanza kucheka. Na wacheke, lakini kwanza wakijue wanachokicheka.

Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 hivi, na uzito wake ni kama kilo 14 tu. Ni nyembamba mno, hata ukiyaachilia makasia itakupindua. Mpigaji huupa mgongo mwisho wa shindano: haoni aendako, huona atokako. Kiti chake huteleza mbele na nyuma, maana nguvu hasa hutoka miguuni. Mikono humaliza kazi iliyoanzwa na mapaja. Mita 2000 huenda kwa dakika 7 hivi, na Tufte alishinda kwa dakika 6 na sekunde 59.83. Mtu wa namna hii hafanyizwi kwa siku moja. Hulelewa na klabu yenye mashua na mwalimu, juu ya maji matulivu ya alfajiri, mwaka baada ya mwaka. Kisha hutoka kwenda kupambana na Wamisri, Watunisia na Waalgeria, waliotutangulia mbali, kwa nafasi chache zilizowekewa Afrika.

Je, shule yako ina mashua? Shule ya jirani je? Twamdai mtu medali ya mchezo ambao hatukumpa hata kasia la kujifunzia!

Utaniambia mashua ni ghali. Ni kweli, wala siidharau hoja hiyo. Lakini ghali zaidi ni kuacha vipaji vioze. Wavuvi wa Ghuba ya Winam hupiga makasia kabla ya jua kuchomoza, wakipambana na gugumaji, na hakuna aendaye kuwatazama mabega yao kwa jicho la mwalimu wa michezo. Mashua moja yaweza kutumiwa na shule nne kwa zamu. Tena iko mashine ya kupigia makasia nchi kavu, ambayo hata Mukumu yaweza kuwekwa chini ya kivuli cha mti.

Ama wale wasemao kwamba maumbile yetu hayafai, sijui wanamficha wapi Julius Yego, Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Uganda haina bahari, lakini Kathleen Noble aliipigia makasia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na tena Paris mwaka 2024. Naye Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili utotoni kwa ajali ya treni, aliiwakilisha Kenya katika Paralimpiki ya Tokyo, akivuta kwa mikono na mabega tu. Mwenye miguu miwili mizima atatoa udhuru gani mbele yake?

Basi orodha ya michezo ya muhula itakapoletwa darasani, nayo ina mbio, mpira wa miguu, mpira wa wavu na mbio tena, inua mkono wako kwa adabu, umwulize mwalimu mashua iko wapi.