Mipira ya matone ianze kwenye miembe

Umwagiliaji wa matone ukitajwa, wengi wetu huwaza nyanya na sukuma wiki. Huko Makueni, ambako embe ndilo zao la biashara la familia nyingi, mpangilio huo ungefaa kugeuzwa, miembe itangulie mboga, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Miembe iliyopandwa kwa nafasi ya mita 10 kwa 10 huwa 100 kwa hekta, na mpira wa kilomita moja huifikia yote. Mboga zenye mistari ya mita moja moja hudai kilomita kumi katika eneo hilohilo. Hata mkulima akiuzungushia kila mwembe mpira wa ziada, hatafika theluthi ya gharama ya mipira ya mboga. Anayelalamika kwamba teknolojia hii ni ghali ana haki, ila bei anayoipiga hesabu mara nyingi ni ya bustani ya mboga.

Wapo watakaosema kuwa mwembe huvumilia ukame, tena huhitaji kipindi kikavu ili uchanue. Ni kweli, lakini mti kunusurika si sawa na mti kuzaa. Ukame unaosaidia maua ndio unaopukutisha vitunda vichanga mvua za vuli zinapochelewa. Matone humpa mkulima uwezo wa kufunga maji kabla ya maua na kuyafungua vitunda vinapofikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Mvua haina koki. Mifereji ya kawaida nayo huweza kupoteza takriban asilimia 40 ya maji, ilhali matone hupoteza kama asilimia 10, tofauti kubwa kwa anayetegemea kisima au bwawa dogo.

Hoja nzito zaidi ni ya matunzo: vitundu vya mipira huziba kwa tope na chumvi, na mipira mingi huishia kutupwa. Dawa yake ni chujio, kufungua ncha za mipira mara kwa mara ili kutoa uchafu, na kuyasogeza matone mbali na shina kadiri mti unavyopanuka. Kwa hiyo ruzuku ya mipira isitolewe bila chujio na mafunzo. Kaunti ya Makueni imeshajenga kiwanda cha kusindika maembe Kalamba. Kukiacha kiwanda hicho kitegemee maembe ya mvua pekee ni kuwekeza nusu na kuomba nusu.