Serengeti Isiyo na Wenyewe

Tarehe 5 Novemba 2015 kampuni ya Microsoft ilitoa nyongeza ya mchezo wake maarufu wa kompyuta, Age of Empires II, ikaipa jina la The African Kingdoms, yaani Falme za Kiafrika. Mchezo wenyewe ni wa vita na mikakati, wa ile aina ambayo wapinzani hawangojeani zamu kama wafanyavyo wacheza bao au sataranji, bali kila mmoja hujenga, hulima, huchimba na hupigana papo kwa papo, mpaka mmoja wao atoweke. Nyongeza hiyo, iliyoundwa na kundi la Forgotten Empires, ilileta mataifa manne: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Ilileta ramani mpya pia, na miongoni mwake zimo mbili zilizobeba majina ya Tanzania, Kilimanjaro na Serengeti.

Wachezaji waliipokea kwa furaha. Magazeti makubwa ya michezo hayakuiandikia mengi, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa wa mwaka 1999 na wenye kuuandikia walikwishahamia kwengine. Uhakiki ulioipa nyongeza jina lake ulitoka kwa wachezaji wa siku nyingi, watu wenye macho makali kuliko mahakimu wa ngoma. Walipima kila kitu. Walipima kasi ya shujaa wa Kihabeshi mwenye upanga wa shoteli, bei ya ngamia wa Waberberi, uzito wa mnara wa kuparamia kuta. Wajuzi wa historia miongoni mwao walitambua kwamba gbeto, wale wanawake warusha visu waliopewa Wamali, asili yao ni Dahomey, nchi nyengine na zama nyengine. Wako waliouliza, na wakauliza vyema, Wareno wanatafuta nini katika orodha ya falme za Kiafrika. Lakini walipofika kwenye ramani, swali likawa moja tu: Je, uwanja huu unawapa wapinzani nafasi sawa? Nafasi ikionekana sawa, uwanja husifiwa na mjadala hufungwa.

Hapo ndipo uhakiki ule ulipolala usingizi.

Mchezaji aingiapo katika Serengeti ya mchezo hukuta uwanda ulio wazi, nyasi kavu, miti ya kuhesabika na wanyama wa kuwinda. Watu hapana. Watu ni yeye na adui yake, nao wote wawili wamefika sasa hivi. Hakuna kaburi, hakuna njia iliyokanyagwa, hakuna boma la ng'ombe. Mbuzi na ng'ombe waliotawanyika nyikani ni mali ya yeyote atakayewaona mwanzo. Akitokea mwengine karibu nao wakati mwenyewe hayupo, huwa wake. Mzee wa Tarime akielezwa kanuni hiyo huenda akacheka mpaka machozi yamtoke, maana kwao ng'ombe mmoja aweza kuwa mahari ya binti, deni la babu na kesi ya vijiji viwili kwa wakati mmoja.

Watetezi wa mchezo wana jawabu, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba kila ramani ya mchezo huu ni tupu: Uarabuni ni tupu, misitu ya giza ni mitupu, na Kilimanjaro vilevile. Ndiyo kanuni ya mchezo. Pasingekuwa na utupu pasingekuwa na pa kujenga. Hoja hiyo ni kweli kwa kanuni na ni uongo kwa majina. Aonaye ramani iitwayo Uarabuni haamini hata dakika moja kwamba Bara Arabu halikuwa na watu. Amekwisha kusikia Makka, Sanaa na Maskati kabla hajajifunza kuwasha kompyuta. Bali Serengeti imeuzwa ulimwenguni kwa miaka mingi kuwa ni nchi ya wanyama watupu. Mchezo haukuuzua uzushi huo; uliurithi, ukauweka mikononi mwa watoto. Utupu ule ule, ukitiwa katika majina mawili, hutoa maana mbili. Msomaji wa mashairi halihitaji somo hilo, kwa sababu anajua kwamba neno halisimami peke yake bali na yote lililowahi kusemewa.

Uzushi huo una tarehe zake. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, Mjerumani bingwa wa wanyama, alitoa filamu na kitabu kuihimiza dunia kwamba Serengeti isife. Yeye na mwanawe Michael walikuwa wakiruka kwa ndege ndogo kuhesabu wanyama, na mwana akafa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari mwaka huo huo. Mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar. Hakuna wa kuukejeli msiba wa baba, wala wa kukana kwamba pundamilia na nyumbu walihitaji mlinzi. Lakini kutoka angani watu huonekana kama dosari katika picha. Mwaka uo huo wa 1959 mipaka ya hifadhi, iliyokwisha kutangazwa mwaka 1951, ilichorwa upya, na Wamasai waliokuwa wakilisha mifugo yao humo wakahamishiwa Ngorongoro.

Na Wamasai angalau walionekana, kwa kuwa nguo zao nyekundu zilipendeza katika picha. Upande wa magharibi, ambako leo ni wilaya ya Serengeti na makao yake Mugumu, walikuwapo na wangalipo Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Watatoga. Ni wakulima, wawindaji na wafugaji waliokuwa na majina ya vilima na chemchemi zilizomo ndani ya hifadhi, na waliokwenda huko kutambika walikozikwa wazee wao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwasikiliza, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kizima, Imagining Serengeti, juu ya namna wenyeji hao wanavyoikumbuka ardhi yao. Kitabu hicho kilikuwapo miaka minane kabla ya nyongeza ya mchezo. Waundaji waliochungua mpaka umbo la upanga wa Kihabeshi wasingeshindwa kukifungua.

Utupu ulioonekana na wageni wa mwanzo nao una sababu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, njaa na ndui zikafuata. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyekatiza nchi hizo mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamekonda kwa njaa. Watu walipopungua, kichaka kiliota na mbung'o akaingia. Baadaye Wajerumani wakajenga ngome yao Ikoma. Nchi iliyofiwa ikaonwa kuwa nchi isiyowahi kuwa na wenyewe, mithili ya mgeni aingiaye nyumba yenye matanga, akakuta kimya, akadhani imehamwa.

Upande wa kaskazini wa mto Mara, katika wilaya ya Tarime, hali ni ya kustaajabisha zaidi kwa yeyote apendaye michezo ya kujenga ngome. Huko ni kwa Wakuria, watu waliogawanyika katika nchi ndogondogo ambazo wao huziita ibiaro, kila moja ikiwa na jina, rika zake na baraza la wazee. Hawakuwa na mfalme. Na hapa pana kosa kubwa kuliko la gbeto: mchezo wa namna hii haujui taifa lisilo na mfalme. Usipokuwa na ikulu na bendera huwi taifa, unakuwa mandhari. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Migori nchini Kenya, zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe matupu bila ya udongo wala chokaa, kwa ajili ya kuwalinda watu na mifugo. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na inakadiriwa kwamba zilijengwa katika karne ya 16. Basi katika zama zile zile mchezo unazozisimulia, bara karibu na ziwa, watu walikuwa wakipanga mawe kwa ustadi ambao mchezaji wa kompyuta hutumia saa nzima kuuiga. Ukuta wa mawe kwenye mchezo ni wa karibu kila taifa lililoorodheshwa. Waliojenga ule wa kweli hawamo.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Wareno waliingizwa katika nyongeza hii pamoja na kisa cha Francisco de Almeida, na kisa hicho hupita katika pwani ya Waswahili. Almeida wa kweli alifika Kilwa mwezi Julai 1505, akauteka mji, akamtawaza mtu aliyemtaka yeye, akajenga ngome. Mwezi Agosti akauchoma moto mji wa Mombasa na kuupora. Katika mchezo, huyo ndiye shujaa ambaye mchezaji huvaa viatu vyake. Waswahili hawakupewa nafasi ya taifa la kuchezwa. Wao ni miji ya njiani.

Tena Wareno walipewa jengo liitwalo feitoria. Jengo hili, mchezaji akishalisimamisha, humletea chakula, miti, mawe na dhahabu bila ya mtu kutia jembe ardhini, na pasipo kikomo. Wahakiki walibishana mno juu yake. Wako waliosema lina nguvu kupita kiasi, wako waliosema ni ghali kwa kuwa linakula nafasi ya watu ishirini. Jambo ambalo mabishano hayo hayakuligusa ni kwamba feitoria ya kweli haikuzalisha kitu. Ilikuwa ghala la kununulia, kutozea na kunyang'anyia. Dhahabu ya Sofala ilichimbwa na watu wa nyanda za Zimbabwe na kubebwa kwa mabega ya watu, na biashara yake ilikuwa ya Kilwa kabla Mreno hajaijua njia. Mchezo umeficha mabega hayo, ukaubatiza unyang'anyi kwa jina la uzalishaji. Hili si kosa la mlingano wa nguvu; ni kosa la maana.

Na mtu wa Tarime anaielewa feitoria kuliko mhakiki yeyote. Nyamongo, karibu na mto Mara, kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002 na kuingia mikononi mwa Barrick mwaka 2006. Kabla ya hapo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba huko kwa mikono yao. Mwezi Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu kadhaa kati ya kundi lililoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu. Mtu wa hapo akiambiwa kwamba kuna jengo litoalo dhahabu lenyewe, bila ya jasho na bila ya jirani, hawezi kuuliza kama lina nguvu kupita kiasi. Atauliza ni la nani.

Wapenzi wa ushairi wanacho kipimo cha kazi za vita, kizee kuliko kompyuta. Wakati wa ugomvi wa Mombasa na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji alitunga upande wa Mombasa, na Lamu ikamjibu kwa kinywa cha Zahidi Mngumi. Tungo zilivuka bahari, kila upande ukiusikia mwengine, na hata leo mtu hawezi kumsoma mmoja akaufahamu ugomvi bila ya kumsoma wa pili. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wajerumani vya 1888 katika Mrima, adui aliingia akiwa na jina, hila na kauli. Adui asiyesema ni shabaha tu. Kwa kipimo hicho, Falme za Kiafrika ni kazi iliyojaa silaha nzuri na yenye upungufu mkubwa wa majibizano: Serengeti imenyimwa watu, na pwani imenyimwa kauli.

Lawama hazishii ughaibuni. Wahakiki wa Kiswahili, ambao huweza kuandika kurasa kumi juu ya kina kimoja kilichoharibika, walinyamaza kimya. Kwa wengi wao michezo ya kompyuta ni upuuzi wa vijana walioacha skuli. Ndio wazee wale wale wanaolalamika kwamba vijana hawasomi historia, na historia hiyo kijana anaisoma kila usiku mpaka alfajiri, akiwa upande wa Almeida, wala hakuna aliyemwambia neno.

Wala isisemwe kwamba aina hii ya mchezo haiwezi kufanya vyema zaidi. Mwaka 2021 mchezo ndugu, Age of Empires III, ulipata nyongeza yake ya Kiafrika, The African Royals, yenye Wahausa na Wahabeshi. Humo ng'ombe si nyama ya kuokota nyikani tena: hufugwa, hunenepeshwa, hupelekwa soko la mifugo na kugeuzwa mali. Fikra hiyo ya ng'ombe ingeeleweka Tarime bila ya mkalimani. Wachezaji wakaipokea nyongeza hiyo kama walivyoipokea ile ya kwanza, mjadala ukarudi kwenye kigoda chake: kati ya Wahausa na Wahabeshi, nani mwenye nguvu zaidi. Na Age of Empires II yenyewe, ilipotolewa upya kwa picha nzuri zaidi mwezi Novemba 2019, ilikuja na Serengeti yake vile vile. Nyasi zilikuwa zimeng'arishwa.